Uji wa Mama Gati

Uji wa wimbi ukishika chini ya sufuria, mimi huinuka popote nilipo. Wanangu wamezoea, husema mama ameanza. Ninyi niwaambie sababu, maana wao sijawaambia.

Mwaka wa kuhamia vijijini nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka kwenye boma letu huko Gorong'a tukapangiwa kiwanja katika kijiji kipya, nyumba zimenyooka kama madawati. Bibi, mama yake baba, alipangiwa kijiji kingine, mwendo wa siku nzima. Kule bomani mwanamke akijifungua hakugusa jiwe la kusagia wala mtungi mpaka mwezi uishe. Wake wenzake wa boma waligawana kazi zake. Huku jirani yetu alikuwa Mama Gati, wa ukoo ulioibiana ng'ombe na wetu tangu sijazaliwa. Siku ya kutengana bibi alinishika sikio.

"Rhobi, mama yako akijifungua, asionje kitu cha nyumba ile. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa mtoto msikivu, na nilijivunia jambo hilo.

Mama alijifungua wakati baba amekwenda kuswaga ng'ombe waliobaki kule bomani. Mkunga alimaliza kazi yake akaenda kwa mwingine. Kesho yake asubuhi nikakuta kibuyu cha uji mlangoni, cha moto, kimezibwa kwa jani la mgomba, kinanukia wimbi lililoungua kidogo. Nilijua kimetoka wapi. Nikaumwaga nyuma ya nyumba, kuku wakafurahi, nikakirudisha kibuyu mlangoni kitupu. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

"Hakuna mtu aliyekuja?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Hakuna, mama."

Akageukia ukutani.

Tangu hapo sikutulia. Nilikwenda kisimani nikarudi na nusu ndoo. Nilisonga ugali ukawa mabuja. Mtoto alilia, nikambeba, nikamlaza, nikatoka, nikaingia, nikasahau nilichofuata. Siku ya nne mama aliinuka mwenyewe kusaga. Nilisikia jiwe likikwaruza, kisha kimya. Nilimkuta ameanguka ubavu juu ya unga, damu imelowesha nguo.

Maneno ya bibi yalinitoka kichwani. Nilikimbilia kwa jirani, hata shikamoo nikaisahau.

"Mama anakufa."

Mama Gati alimtuma mwanawe kwa mkunga, akamlaza mama, akamfunika, akakaa naye mpaka mkunga alipofika na damu ikakoma. Ndipo akaleta kibuyu kile. Alikunywa kwanza yeye, mafunda mawili, huku ananitazama, halafu akamnywesha mama. Alipotoka nje alinisemesha kwa sauti ya chini.

"Kuku wenu wamenenepa."

Basi. Mwezi mzima alisaga, alichota maji, alimpokea mtoto ili mama apate usingizi. Baba aliporudi alimkuta jikoni kwetu, akakohoa, akasimama kidogo, akamsalimia.

Miaka ikapita. Nilijifungua mtoto wa kwanza huko Nyamisangura, katika chumba cha kupanga, mume yuko safari. Wiki mbili nilikodolea mlango macho. Vyombo vilijaa, maziwa yalikataa kutoka, nikalia kuliko mtoto. Hakubisha mtu. Halafu mama akateremka kwenye basi na mfuko wa unga wa wimbi, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Alipokuwa anakoroga ndipo nikamweleza yote: kibuyu, kuku, uongo wangu. Nilitaka anigombeze yaishe.

Aliendelea kukoroga.

"Njaa ya siku zile nimeisahau," alisema. "Nilikuwa nalia kwa sababu hakuna aliyekuja."

Mama Gati alikuwa amezikwa msimu uliopita, na hakuwahi kunisema kwa mama. Mama aliuacha mwiko akakaa. Uji ukaanza kushika chini, na mimi nikainuka kama ninayekwenda kwa Mama Gati, sijui niende wapi.