Kiti cha Ukutani

Nyumbani walimwita Balozi tangu siku aliyoajiriwa wizarani, ingawa ubalozi wenyewe hakuwahi kuuonja. Miaka ishirini na sita, nchi tatu za ugenini, na kote huko kazi ilikuwa ile ile: kukaa kwenye kiti cha ukutani, nyuma ya wakubwa, akiandika nani kasema nini. Kabila lao ni dogo, ukiwakusanya wote hawajazi uwanja wa mpira. Basi wageni wakitaka picha alisogezwa mbele, ionekane hata makabila madogo yamo, kamera zikizimwa anarudi ukutani. Chini ya meza yake kulikuwa na viatu vyeusi vya siku za wageni. Siku hizi miguu ilivimba, akivivaa ni mateso matupu.

Jumatatu mkurugenzi alimwita, akafunga mlango mwenyewe.

"Dada yangu, safari hii ubalozi ni wako. Jina lako liko juu kabisa."

"Mara ya nne hii nasikia, mzee."

"Acha utani. Keshokutwa wageni wanakuja kuuliza habari za lile bwawa lililojengwa bondeni kwenu. Utawajibu wewe. Ukimaliza salama, barua inatoka." Akamsukumia karatasi.

Aliisoma akiwa amesimama. Aya ya tatu ilisema watu wa kabila lake walihama bondeni kwa hiari yao. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao: askari mlangoni, godoro juu ya lori, sufuria imeachwa motoni.

Jioni akampigia kaka simu.

"Soma tu, mdogo wangu," kaka alisema. "Nyumba iko chini ya maji, hata ukigoma haiibuki."

"Na ukinisikia redioni?"

"Redio gani? Haina betri tangu mwaka juzi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Jumatano alikuta kibao chenye jina lake juu ya meza kubwa, kwa mara ya kwanza maishani. Akasoma aya ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya tatu akasimama. Akanywa maji, akaitazama tena, bado akaliona lile godoro.

"Hii siwezi kuisoma," alisema taratibu. "Kaka yangu hakuhama kwa hiari."

Mkurugenzi akatabasamu kwa meno, akachukua karatasi na kusoma mwenyewe mpaka mwisho.

Hakuna aliyemfukuza. Aliinuka mwenyewe akaenda kukaa ukutani, maana hakukuwa na mtu anayeandika muhtasari. Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa siku zote: Aya ya tatu imesomwa na mkurugenzi.

Wageni walipotoka, mkurugenzi akamsimamia kichwani. "Futa huo mstari."

"Si ndivyo ilivyokuwa, mzee?"

"Ubalozi umeutupa mwenyewe. Usije ukanilaumu."

"Sikulaumu." Alikuwa ameinama, anavua viatu.

Simu ikaita. Kaka.

"Vipi, Balozi?"

"Nimerudi ukutani."

"Kwani hukusoma?"

"Nilisoma. Ile aya yako ndiyo sikuisoma."

Kaka akavuta pumzi ndefu, akakohoa. "Haya, mama. Pumzika basi."

Lakini muhtasari ulitakiwa kabla ya saa kumi. Akavuta kompyuta, akaanza kuchapa, ule mstari ukiwa palepale, miguu peku juu ya sakafu baridi.