Sijawahi Kuapishwa

Hapana, mama, sikatai kazi. Ninachokataa ni kazi isiyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Barua inasema: mhudumu wa ofisi. Mhudumu anafagia, anapiga deki, anabeba mafaili kumpelekea hakimu. Hakuna palipoandikwa kutafsiri.

"Kwani ukitafsiri mdomo unachubuka?" mama aliniuliza jioni hii, huku anachambua maharage. "Kiha chenyewe umekinyonya kwangu bure."

Nilicheka, ila hasira ilikuwepo. Mahakama yetu ya mwanzo hapa Kasulu haina mkalimani. Akija mtu wa Makere ambaye Kiswahili kinampiga chenga, hakimu ananitazama mlangoni: "Binti, hebu tusaidie kidogo." Natafsiri saa nzima, halafu narudi kudeki.

Juzi niliandika barua kuomba nibadilishiwe kada, niwe karani, maana kidato cha nne nilifaulu na mshahara wa karani unaanzia ngazi ya juu kidogo. Karani wetu, mama mtu mzima mwenye utani mwingi, aliisoma kwa sauti.

"Uzoefu wa kutafsiri mahakamani! Umeandikwa wapi huo, mdogo wangu?"

Tukafungua mafaili. Hakuna kitu. Kila shauri nililotafsiri linasomeka kama vile wale niliowatafsiria walimwaga Kiswahili wenyewe. Mkalimani anaapishwa kwanza, ndipo jina lake linaandikwa kwenye mwenendo wa shauri. Mimi niliona aibu kumchelewesha hakimu, nikawa naanza tu kuongea.

"Kwenye karatasi wewe ni mtu wa deki," karani akasema, na safari hii hakucheka.

Sasa nimebanwa. Kesho kuna shauri la mirathi la bibi mmoja wa Kagerankanda, shemeji zake wanataka shamba la marehemu mumewe. Wao Kiswahili wanakijua, yeye hajui. Nikigoma, watammaliza. Nikitafsiri kama siku zote, nitazeeka na barua ileile na ngazi ileile ya mshahara.

"Utafukuzwa, wewe," mama akasema nilipomweleza nilichoamua.

"Kwa kuapa?"

"Kwa kiherehere."

Aseme tu. Kesho asubuhi nikiitwa, kabla ya neno lolote la Kiha nitasogea mbele niseme, "Mheshimiwa, naomba niapishwe." Halafu nitasimama hapohapo mpaka nione kalamu yake inaandika jina langu.