Gazeti Chini ya Boti

Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilifika kwa seremala mmoja wa mtaa wa Daraja Mbili kuchukua kabati langu, nikamkuta anajaza maji ndani ya boti mpya ya mbao. Mota na betri yake alikuwa ameziweka mezani.

"Fundi, leo unaoga?" akauliza mchomelea vyuma wa jirani.

Fundi akamimina ndoo nyingine. Boti ilikaa juu ya magogo, na chini yake alitandaza magazeti makavu, yale ninayoyaandikia habari. Pembeni alisimama mama mwenye hoteli karibu na Ziwa Duluti, mikono kifuani. Alitaka boti isiyo na kelele wala moshi kwa ajili ya wageni wake, na fundi hakuwa amewahi kuuza boti hata moja.

Tulisubiri saa nzima. Kisha nikapiga magoti, nikakagua kila ukurasa. Sijawahi kuona gazeti letu likisomwa kwa makini kiasi kile. Hapakuwa na tone.

"Maji hayajatoka," mama akasema. "Nitajuaje kwamba hayataingia?"

"Mlango wa kutoka na wa kuingia ni uleule, mama," fundi akajibu.

Mama akacheka. "Basi kesho ipeleke ziwani. Ikirudi kavu, naichukua. Ila upande na mtu asiyejua kuogelea, kama wageni wangu."

Fundi akanigeukia taratibu. "Dada, wewe unajua?"

Sijui. Lakini nilikubali, nusu hofu, nusu furaha.

Kesho yake asubuhi nilipanda, nikatandika gazeti la siku hiyo chini ya miguu. Mota ilivuma kama feni. Tuliporudi ukingoni nikamkabidhi mama gazeti lile. Akalikunjua, akaanza kusoma.