Mchezo wa Kuzingirana

Tangu miwa ianze kulipa vizuri, kila mtu Butali ni mtaalamu wa kitu. Jumamosi, dukani, nilimkuta mkulima mmoja ametandaza kwenye kaunta karatasi ya mfuko wa saruji aliyoichora mistari, akipanga punje za mahindi na maharagwe meusi. Alisema ni Go, mchezo wa Wajapani, na huusoma kitabuni kila asubuhi kabla ya chai.

"Ukizungukwa pande zote umeisha," alinifundisha, akibana punje moja katikati ya maharagwe. "Siku hizi naonanga hiyo hatari mapema sana."

Mkewe, aliyekuwa kando akinunua unga, aligeuka polepole.

"Baba watoto, miwa yako ilianza kwa barabara. Ikameza shamba ya mahindi, ikapita choo, sasa inagonga dirisha ya jikoni. Sisi tumeisha ama bado?"

Bwana alikuna kidevu. "Hapo sijafika. Iko mbele kwa kitabu."

Mama akazoa punje zote za mahindi, akazitia kikapuni, akaenda kupika. Maharagwe yakabaki yamezunguka hewa, na bwana akaniambia ameshinda.