Vedasto na Sebule Yangu ya Baridi

Mimi kuandika sitaki. Nimesoma hadi darasa la tatu, kalamu naishika kama mwiko, halafu Aurore, katibu wa jumuiya yetu, ananiambia eti kila mtu aandike habari za mwenzake anayemjua, yeye azikusanye kitabu. Mimi kanipa Vedasto. Basi nitamwandika kama alivyo, na asinune.

Vedasto ni Mhaya mwenzangu. Alikuja huku kwa Waswidi kujifunza kazi ya mabomba, akamaliza miaka thelathini na mbili chini ya majumba ya watu, kwenye panya na maji yaliyooza. Sasa amestaafu, anakaa Fisksätra peke yake. Ana tabia moja inayonitia kinyaa: kila kitu lazima akinuse. Bomba atalinusa, spana atainusa, hata chai uliyomwandalia.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, sebule yangu hapa Tensta ilikataa kupata joto. Lile bati la chini ya dirisha linalopitisha maji ya moto, tunaloliita elementi, lilikuwa baridi kama samaki wa dukani. Wenye nyumba wakamtuma fundi wao, Axel, ugoro umemjaa chini ya mdomo. Akapapasa kwa vidole viwili, akasema tungoje. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu akasema tungoje. Nilichefuka.

Binti yangu Dativa, wa Vällingby, akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. Alisema Jumapili anakuja, na akikuta sebule bado baridi nafungasha nahamia kwake, funguo zinarudishwa. Aliyasema kwa Kiswidi, kama ofisa. Yaani miaka ishirini na sita kwangu, nikamalizie kwenye chumba chake cha kupigia pasi. Nikampigia Vedasto.

Alifika Jumamosi asubuhi, chai akaikataa. Alipita akigusa kwa mgongo wa mkono: elementi ya jikoni moto, ya chumbani moto, ya sebuleni baridi. Akasema basi jengo halina ugonjwa, ugonjwa uko humu humu sebuleni. Akaomba chombo. Sijajibu, keshabeba sufuria yangu ya ndizi. Akalegeza kijiskurubu cha pembeni atoe upepo. Upepo haukuwepo. Yalitoka maji meusi kama masizi, yananuka mayai viza, yakaingia kwenye sufuria ninayopikia. Naye akainama, akayanusa. Nilitoka nikasimama koridoni.

Niliporudi alikuwa ameshika kofia.

Kofia ile niliifuma mwenyewe kwa kroshia, uzi mzito wa sufu. Nilikivalisha kile kichwa cha plastiki chenye namba, kilicho ubavuni mwa elementi, cha kuzungushia joto, maana wageni huketi sebuleni na chenyewe kimekuwa cha njano kama jino bovu. Redio nimeivalisha, televisheni nimeivalisha, hicho kwa nini kikae uchi?

"Mama Dativa," akasema, "hiki ndicho kinachopima joto la chumba. Umekivika sweta, kinadhani kiangazi hakijaisha. Kimefunga maji tangu Pasaka."

"Axel aliiona mara tatu."

"Axel ana adabu. Kadhani ni mila yetu."

Akakifungua kichwa chenyewe. Ndani kipini cha chuma kilikuwa kimekwama kwa kufungwa muda mrefu. Alikigonga kidogo kidogo kwa mgongo wa kijiko changu, kikaruka juu, bomba likaguna. Chai yangu mwenyewe haijachemka, bati likawa moto juu mpaka chini. Kijiko akakinusa.

Jumapili Dativa alikuja na maboksi matupu. Akaweka mkono kwenye elementi, akauondoa haraka. Akauliza palikuwa na nini. Nikamwambia amuulize Vedasto. Vedasto, niliyemwalika chakula, mdomo umejaa ndizi za sufuria mpya, akasema kipini kilikwama. Ya kofia hakuitaja. Maboksi yakarudi Vällingby yalivyokuja, na hapo ndipo nilipomsamehe ile sufuria. Kofia nimeitaja mimi, kwa sababu habari za mtu huyu haziandikiki bila hiyo.

Sasa wewe unayesoma, usinicheke. Nyanyuka. Funua kila ulichokifunika kwako, sogeza pazia, vuta kochi ulilolisukumia ukutani, uguse elementi zako zote kwa mgongo wa mkono. Halafu andika jina lako na ulichokikuta, umpe Aurore. Sitakuwa peke yangu kwenye hiki kitabu chake.