Mzee wa Kijapani aliinama kuomba msamaha kwa maneno niliyoandika mimi

Wapambanaji wangu, mpo? Admin, nifichie jina tafadhali.

Nina miaka 24, kijana wa Tanga, naishi Barking, London, chumba cha kushea. Chuo sijasoma. Kila ninachojua nimejifundisha kwenye simu: kuedit video, matangazo, hata Kijapani kidogo. Hicho Kijapani ndicho kilichonipa kazi. Niliingia duka moja la dawa za asili nikamsalimia mwenye duka kwa lugha yake, mzee wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Wiki ileile nikaanza.

Ukoo wao umetengeneza dawa vizazi vitano. Babu wa babu yake alitembea kijiji kwa kijiji huko Japani, mzigo mgongoni, kila nyumba anaacha kisanduku cha dawa, anawaambia tumieni mkiumwa. Baada ya miezi anarudi, analipwa zilizotumika, anatoa zilizopitwa na muda, anajaza mpya, na anamuulizia kila mtu wa nyumba ile kwa jina. Mzee bado anafanya hivyo hapa London, kwa basi, na ana miaka sabini na kitu! Nikawaka kwa hamu. "Mzee, Waswahili wataipenda hii vibaya mno. Niachie mimi."

Nikaandika historia ya ukoo kwa Kiswahili, nikapost na picha ya yule babu. Watu wakaja! Visanduku vikaingia Barking, vikaingia Tottenham. Kimoja kwa Mama Espe, Mkongo, aliyenilaza kwake bure nilipofika nchi hii.

Sasa sikieni. Mle ndani kuna vidonge vyeusi vya tumbo. Vya tumbo TU. Mimi nikaona tumbo halivutii. Nikaandika ukoo huu unatibu presha tangu enzi za babu. Mzee akaniuliza, "Hapa umeandika nini?"

"Historia yenu."

Akanishukuru.

Siku moja Mama Espe akanipigia, sauti juu. "Mutoto yangu, ile dawa ya Mujapani iko na nguvu! Za daktari nimeziacha, zilikuwa zinanichokesha."

Nikacheka. "Mama, umekuwa daktari siku hizi?" Nikakata simu. Jamani, nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa, nikajiambia nitampigia kesho.

Sikupiga. Wiki ya tatu akaanguka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya usafi. Kiharusi. Upande wa kulia umelala, maneno hayatoki.

Mzee alienda kujaza kisanduku cha Mama Espe kama kawaida, binti wa mama akamwambia mlangoni kwa Kiingereza, "Mama aliacha dawa za presha kwa sababu ya vidonge vyako." Hakubisha hata kidogo. Akarudi dukani, akavaa suti nyeusi, akaniambia, "Twende hospitali, ukanitafsirie."

Akasimama miguuni pa kitanda, akainama. Akakaa ameinama mpaka nesi akasimama kumwangalia. "Mwambie ukoo wangu umemuumiza." Nikatafsiri. Kwa mdomo wangu huu! Mama Espe hakumwangalia mzee. Aliniangalia mimi, mpaka tukatoka.

Kwenye basi mzee akanikumbusha kisa cha yule babu. Mwanawe aliwahi kuandika kwenye karatasi za kufungia kwamba dawa inatibu kitu isichotibu. Babu akachoma karatasi zote uani, kijana akiangalia, kisha wakarudi wote wawili nyumba kwa nyumba. Kisa hicho alishanisimulia zamani. Kwenye post nilikiruka, niliona kinaboa.

Mzee anafunga duka mwisho wa mwezi. Anasema vizazi vitano vinaishia kwake, na hajui alikosea wapi, kila jioni anafungua vile vidonge na kuvinusa. Ameandika barua ya kupeleka kila nyumba tukikusanya visanduku: "Dawa ya ukoo wetu imemdhuru mama wa watu." Nimepewa niitafsiri, anaisubiri kesho asubuhi. Post nimeshafuta. Kazi inaisha hata hivyo, ila nikisema ukweli sijui kama sitaishia polisi. Nikinyamaza, mzee anarudi kwao na aibu isiyo yake, na mimi kila Jumapili nampelekea Mama Espe uji, anaumeza bila kuacha kuniangalia.

Barua iko mbele yangu sasa hivi. Wewe unayesoma hapa, ungekuwa mimi, ungeitafsiri kama ilivyo, au ungeandika jina lako mahali pa ukoo wake?