Kuhesabu Watoto wa Giakanja

Kosa langu la kwanza Giakanja lilikuwa kuhesabu watoto wa watu kwa kidole, kwa sauti, mbele ya mama zao.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Tanga kuvuka mpaka kufundisha Kiingereza nilichojifunza mwenyewe kwa redio na magazeti ya kufungia sukari. Cheti sikuwa nacho. Kenya ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu, wazazi walikuwa wamejenga shule kwa michango yao, na mwalimu mwenye cheti asingekubali kukaa kwenye baridi ile ya kuumiza meno. Wakanichukua kwa muhula mmoja wa majaribio. Mwisho wake kamati ya wazazi ingeamua nibaki au nirudi. Nyumbani nilikuwa nimeaga mtaa mzima kwa majivuno. Kurudi baada ya miezi mitatu kungeniua kwa aibu.

Basi nilitaka kila kitu kinyooke. Somo moja nililiandika mara tatu. Na niliwadharau wote: walimu wenzangu waliosema "kitabu yangu" bila haya, na mwalimu mkuu aliyevaa tai juu ya sweta iliyotoboka. Ndiye aliyebuni safari ya Naro Moru, mji ulio chini ya mlima, ati watoto wakaongee Kiingereza na Wazungu wanaoupanda.

Asubuhi ya safari, lori lilipakia sokoni. Nikanyoosha kidole na kuanza kuhesabu. Kila kilipoelekea, kichwa kilizama. Watoto waliinama kama wanakwepa mawe. Nikapata ishirini na tisa, kisha thelathini na watatu.

"Mwarimu," akaniita mama mmoja wa kamati, kikapu cha kiondo mgongoni, "unahesabu watoto ya watu ndio wapungue?"

"Mama, kwani wewe si Mkristo?"

"Mimi ni Mkristo. Na niko na watoto. Lakini hutanisikia nikisema ni wangapi."

Akina mama wakacheka. Mimi nikasema "ushamba", kwa sauti ya kusikika, nikahesabu tena na tena hadi nikapata thelathini na mmoja niliowataka. Mama yule akapanda lori bila kuniomba ruhusa.

Wazungu tuliowakuta walikuwa wawili, pua zimebanduka ngozi, Kiingereza chao kibovu kuliko cha darasa langu. Wapagazi wao walikizungumza vizuri zaidi. Mlima ulikuwa ndani ya mawingu. Tukarudia salamu zile zile mpaka wageni wakaanza kutazama saa.

Wakati wa kurudi nikahesabu, vichwa vikazama, nikapata thelathini na mmoja mara ya kwanza. Sikujiuliza mara mbili, mimi niliyejiuliza mara mbili hata nikifunga kamba za viatu. Nikamwambia dereva twende.

Mama akaanza kugawa viazi vitamu. Kila nyumba ilikuwa imempa kiazi kimoja cha mtoto wake.

"Simamisha gari! Kiazi moja imebaki."

"Nimehesabu, mama."

"Wewe umehesabu. Mimi nimelisha."

Tukageuza. Msichana mmoja alikuwa nje ya bucha pale Naro Moru, analia, amefunikwa koti la mpagazi. Mama akampa kiazi chake, akampandisha lorini, akaniangalia. Nilijua ananiweka akiba kwa ajili ya kamati.

Siku ya kamati nilisimama mbele yao nikitokwa jasho katika baridi ile. Mama yule akaeleza yote, hata lile neno la ushamba. Kisha akasema, "Huyu kijana ni mjinga na ana madharau. Lakini watoto wanasoma. Abaki. Akienda safari, mmoja wetu anaenda na yeye."

Hakuna aliyepinga. Wala mimi hakuna aliyeniuliza.

Nilibaki miaka minne. Kwamba kidole kinaweza kumdhuru mtoto sikuamini, na hata sasa siamini. Ila nilijifunza majina ya wanafunzi wote na ya nyumba zao, na tangu hapo ninaita jina, nangoja jibu, ndipo naita linalofuata.